Kreti 30 nyuma ya pikapu mpya: uchambuzi wa kisa cha breki kufeli Kitonga

Swali la mwenye gari

Pikapu ililetwa gereji kwangu siku ya tatu baada ya ajali, imevutwa na lori, tela lake likiwa limepakiwa juu ya lori hilohilo. Mwenye gari aliposhuka hakuanza na bei ya matengenezo. Alisema, "Fundi, hili gari nilinunua zima, na nikaliandaa kabla ya kulitia kazini. Sasa nionyeshe kosa langu liko wapi."

Alikuwa anasema kweli. Hakuwa mzembe. Alitumia fedha, aliuliza watu, alifanya safari ya majaribio. Ndiyo maana kisa chake kina faida kwa kila anayefikiria kufunga tela nyuma ya pikapu aliyoinunua juzi: takriban kila hatua aliyochukua ilikuwa na sababu inayoeleweka, na hatua hizohizo zilipokutana mteremkoni zikamkosesha breki.

Ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba nisimtaje jina, wala aina ya gari, wala tarehe. Nitamwita Kaka, kama anavyoitwa na mdogo wake aliyekuwa dereva siku ile; na huyo nitamwita Mdogo. Mlima Kitonga, ulio kwenye barabara ya Iringa kwenda Morogoro, sijauficha kwa sababu umbo la barabara ni sehemu ya kisa.

Gari, tela na kazi iliyokusudiwa

Kaka ananunua nyanya kwa wakulima wa Ilula, mkoani Iringa, na kuziuza Morogoro mjini. Kwa miaka kadhaa alikuwa akilipia nafasi kwenye malori ya watu. Nyanya haisubiri, lori likichelewa nusu siku, chini ya kreti panaanza kuvuja maji. Akaamua kununua usafiri wake.

Alipata pikapu iliyotumika, ya milango minne, injini ya dizeli ya lita 2.5, gia tano za mkono. Bodi ya pikapu ya milango minne ni fupi, haibebi kreti nyingi, kwa hiyo akaagiza tela kwa fundi wa kuchomelea: ekseli moja iliyotolewa kwenye gari bovu, sakafu ya mbao yenye urefu wa mita 3, taa mbili za nyuma. Breki halikuwa nazo. Yule fundi hakuulizwa habari za breki, naye hakuzitaja. Tela halikuwa limesajiliwa bado, na bima ya gari haikuligusa.

Muuzaji wa gari alikuwa amemwambia kwamba pikapu ile "inavuta zaidi ya tani mbili". Hilo nalo lilikuwa kweli, kwa namna nitakayoieleza mbele.

Wiki tatu za kwanza

Kabla ya safari ya Morogoro yalifanyika mambo manne.

La kwanza, springi za nyuma. Kaka alipopakia bodi kwa mara ya kwanza aliona mkia wa gari umekaa chini na taa za mbele zinamulika juu ya miti. Akapeleka gari kwa fundi, wakaongeza bapa mbili (zile pasi za chuma za springi) kila upande. Gari likasimama vizuri hata likiwa na mzigo. Alifurahi, na mimi ninaelewa kwa nini. Ukitazama kwa macho, gari lililonyooka linaonekana gari lenye nguvu.

La pili, huduma ya kawaida: oili ya injini, filta zote, mkanda. Breki zilitazamwa upande wa mbele tu. Pedi zilikuwa nene, fundi akasema ziko sawa. Mafuta ya breki hayakubadilishwa, na ngoma za breki za nyuma hazikufunguliwa.

La tatu, kiungo cha tela. Kwenye gari ilifungwa boli ya kuvutia, ile tufe ya chuma ambayo kichwa cha tela hukaa juu yake, ya milimita 50. Kichwa cha tela kilinunuliwa dukani, cha mtumba, kimeandikwa inchi 2. Kiliingia, kikafunga, wakaridhika. Badala ya mnyororo wa usalama ikafungwa kamba ya katani, nene kweli, imezungushwa mara tatu.

La nne, safari ya majaribio. Walipakia kreti 15 na kuzunguka kilomita 12 kwenye barabara isiyo na miteremko mikubwa. Gari lilivuta bila shida, gia zikaingia, tela likafuata. Kaka alinieleza kwamba baada ya siku hiyo hakuwa na wasiwasi tena. Nami naiona safari ile kama jambo lililomponza zaidi ya yote, maana jibu alilopata lilikuwa la swali jingine. Alijaribu kuvuta, hakujaribu kusimamisha, wala kushuka.

Siku ya safari

Waliondoka Ilula saa kumi na moja alfajiri. Kwenye tela kreti 30, kwenye bodi kreti 8, ndani ya gari watu wawili. Mbele yao zilikuwepo zaidi ya kilomita 250 hadi Morogoro.

Tela lilipakiwa kuanzia mlango wa nyuma. Mteja wa kwanza alitaka kreti 12 zilizochaguliwa, nazo ziliwekwa mwisho kabisa, ili zishuke kwanza bila kusumbua nyingine. Mbele ya tela pakabaki nafasi ya karibu nusu mita, wakaweka turubai na ndoo.

Kabla ya kufika Kitonga kuna mahali barabara inashuka taratibu. Mdogo alikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Alianza kuhisi usukani mwepesi, kisha mkia wa gari ukaanza kuchezeshwa kushoto na kulia. Alitazama kioo akaona tela linapiga mkia kama samaki. Akakanyaga breki. Kuyumba kukazidi, gari likagusa mstari wa katikati. Kaka akapaza sauti, "Achia! Achia breki!" Mdogo akaachia kila kitu, akashika usukani moja kwa moja, mwendo ukapungua wenyewe, tela likatulia. Wakasimama pembeni.

Hapa ndipo ulipofanyika uamuzi wa kwanza mkubwa. Kaka aliwahi kusukuma mkokoteni ujanani, akakumbuka kwamba mkokoteni uliopakiwa nyuma hunyanyua mikono ya msukumaji. Aliinua kichwa cha tela kidogo kwa mkono na kukiona chepesi kuliko alivyotarajia. Wakahamisha kreti 6 kutoka nyuma, wakazipandisha juu ya zile za mbele, wakafunga kamba upya. Wakajaribu kwenye kilomita 60: tela likatulia kabisa.

Mdogo alishauri warudi Ilula wapunguze mzigo. Kaka alikataa. Alinipa sababu zake bila kujitetea: nyanya zilikuwa zimeiva, mteja alikuwa ameshalipa nusu, na tatizo lilikuwa limeonekana na kuondolewa mbele ya macho yao. Wakaendelea.

Kitonga waliianza gari likiwa gia namba 4, wakashuka hadi namba 3 kwenye kona za mwanzo. Mbele yao kulikuwa na lori linaloshuka polepole kwa gia nzito. Hawakuweza kulipita, na hawakutakiwa kulipita. Kwa gia namba 3 pikapu ilitaka kwenda kasi kuliko lori, kwa hiyo mguu wa Mdogo ulikaa juu ya breki karibu muda wote. Baada ya dakika chache wakasikia harufu ya kuungua. Kaka alidhani inatoka kwenye lori la mbele. Kisha Mdogo akasema maneno ambayo Kaka anayakumbuka hivyohivyo: "Kaka, breki inazama."

Pedali ilikuwa inakwenda chini bila kukataa. Alipampu mara tatu, ikarudi kidogo, ikazama tena. Akaingiza gia namba 2, injini ikapiga kelele, mwendo ukapungua. Akavuta breki ya mkono, haikusaidia sana. Akalazimisha namba 1, ikaingia kwa kugoma. Mbele, kabla ya kona, palikuwa na sehemu pana ya kokoto ambapo malori husimama kupoza breki. Aliwasha taa za hatari, akaelekeza gari kwenye kokoto.

Pikapu ilisimama. Tela halikusimama pamoja nayo. Liliendelea kusukuma, likajikunja upande, kichwa chake kikachomoka kwenye boli, kamba ya katani ikakatika, likaenda kulala ubavu kwenye mtaro. Kreti 19 zilimwagika. Mdogo aliumia kifundo cha mkono. Hakuna mtu mwingine aliyeguswa, na kila ninapopita pale ninamshukuru Mungu kwamba kokoto ilikuwa tupu asubuhi ile.

Nilichokikuta

Diski za mbele zilikuwa na rangi ya bluu, ile inayokuja chuma kikipata moto mkali. Pedi bado nene, lakini uso wake uling'aa kama kioo. Pedi iliyofika hapo haishiki. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Nyuma, nilipofungua ngoma, nilikuta viatu vya breki karibu vizima na visivyo na dalili ya joto. Virekebishio vyake, vinavyosogeza viatu karibu na ngoma vinapolika, vilikuwa vimeshikwa na kutu, viatu vikiwa mbali na ngoma. Kwa maneno mengine, magurudumu mawili ya mbele ndiyo yaliyokuwa yakisimamisha kila kitu.

Nikaomba tupime uzito. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi alituruhusu kutumia mizani yake ya magari. Pikapu yenye tangi limejaa na watu wawili: kilo 1,980. Tela tupu: kilo 420. Kaka alikuwa amelikadiria kilo 300. Kreti moja ya nyanya aliikadiria kilo 35. Tulipopima kumi za aina ileile, wastani ulikuwa kilo 45.

Hesabu yake ya alfajiri ile ilikuwa tela la kilo 1,350. Tela halisi lilikuwa kilo 1,770. Ukiongeza gari na kreti 8 za kwenye bodi, msafara mzima ulikuwa kilo 4,110.

Uchambuzi: namba mbili kwenye ukurasa mmoja

Kitabu cha gari kilikuwepo, ndani ya dashibodi, kwenye mfuko wake wa plastiki. Tulikifungua pamoja. Kwenye ukurasa wa kuvuta tela pana mistari miwili. Mmoja unasema kilo 2,250 kwa tela lenye breki zake lenyewe. Wa pili unasema kilo 750 kwa tela lisilo na breki. Hiyo 750 utaikuta kwenye vitabu vya pikapu nyingi za ukubwa huu.

Muuzaji alitaja mstari wa kwanza. Tela la Kaka lilikuwa la mstari wa pili. Alivuta zaidi ya mara mbili ya kinachoruhusiwa, na injini haikumwambia, kwa sababu injini iliweza. Hapa ndipo watu wengi tunapokosea, na ninasema tunakosea kwa kuwa hata sisi mafundi tukiulizwa "hili linavuta kiasi gani?" tunajibu kwa kutazama injini. Uzito wa kuvuta huamuliwa kwanza na kinachoweza kusimamisha. Tela lisilo na breki linategemea diski mbili za mbele za gari ambazo zilitengenezwa kusimamisha gari.

Tazama ukubwa wa kazi yenyewe. Kilo 4,110 zikishuka mita 100 za kimo, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani inatosha kuchemsha takriban lita 12 za maji ya baridi, na Kitonga inashuka zaidi ya mita 100. Nishati hiyo ina njia chache za kupitia: kidogo huchukuliwa na upepo na tairi, sehemu huchukuliwa na injini ikiwa gia ni nzito, na kinachobaki chote ni joto kwenye breki. Mdogo alipokaa gia namba 3 aliinyima injini sehemu yake. Kwa kawaida injini ndogo ya dizeli haizuii sana ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, hivyo inahitaji gia ya chini zaidi ili izunguke haraka na kusaidia. Malori mengi yana breki ya ekzosi, inayoziba njia ya moshi ili injini izuie mwendo. Pikapu hii haina.

Joto lile lilifika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, kiwango chao cha kuchemka kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke ndani ya mipira na mabomba. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Mguu unakandamiza mvuke, pedali inazama, na magurudumu hayapati kitu. Hiyo ndiyo "breki inazama" aliyoisema Mdogo. Mafuta yale hakuna aliyejua yana miaka mingapi.

Bapa mbili zilizodanganya breki

Hili ndilo jambo lililonishtua zaidi, na ningependa kila fundi wa springi alisome.

Chini ya pikapu nyingi za aina hii, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali ndogo yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Gari likiwa tupu mkia uko juu, fimbo imelegea, vali inapunguza presha ya breki za nyuma ili magurudumu mepesi ya nyuma yasijifunge na kulizungusha gari. Gari likipakiwa mkia unashuka, fimbo inasukuma vali, na breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Vali haina akili ya kupima kilo. Inapima kimo tu.

Kaka alipoongeza bapa mbili kila upande, mkia ukabaki juu hata ukiwa na mzigo. Vali ikasoma "gari tupu" wakati gari lilikuwa na kreti 8 mgongoni na shingo ya tela (chuma cha mbele chenye kichwa) juu ya boli. Ikaendelea kuzinyima breki za nyuma presha pale zilipohitajika kuliko siku zote. Nilipoondoa bapa zile na kupakia uzito uleule, fimbo ilisogea kama inavyotakiwa.

Vitabu vya matengenezo huelekeza vali hiyo irekebishwe kila springi zinapobadilishwa. Fundi aliyeongeza bapa hakulijua hilo, na sina nia ya kumlaumu. Mimi mwenyewe nililijua nikiwa nimeshaongeza bapa kwenye magari mengi. Ukichanganya vali iliyodanganywa na virekebishio vilivyoshikwa na kutu, breki za nyuma za gari hili zilikuwepo kwa jina.

Shingo ya tela

Kuhusu kuyumba, Kaka aligundua sababu sahihi kwa mikono yake mwenyewe, na anastahili sifa hiyo. Tulitaka namba, tukapakia tela upya kwa mifuko 30 ya mchanga ya kilo 45 kila mmoja, kwa mpangilio wa asubuhi ile, kisha tukaninginiza shingo kwenye mizani ya kupimia magunia kwa chenibloku (mnyororo wa kuinulia vitu vizito). Shingo ilisoma kilo 38. Hiyo ni asilimia 2 ya uzito wa tela. Tulipohamisha mifuko 6 mita 1.2 kwenda mbele, ilisoma kilo 163, yaani asilimia 9 na zaidi kidogo.

Kwa tela la ekseli moja lenye mzigo wa namna hii mimi hulenga asilimia 10 hivi. Ikipungua sana, mzigo ulio nyuma ya ekseli unafanya kazi kama mtu anayechezesha mkia: upepo mdogo au shimo dogo huanzisha mwendo wa kushoto na kulia, na ukikanyaga breki ya gari tela linazidi kusukuma huku likiwa limekaa mshazari. Ikizidi sana nalo ni tatizo. Kilo 163 zikining'inia mita 1.2 nyuma ya ekseli zinainua pua ya gari: kwa pikapu hii, magurudumu ya mbele yanapoteza karibu kilo 63. Hayo ndiyo magurudumu yanayopiga kona na kubeba breki. Na uzito wa shingo unahesabika kwenye mzigo wa gari. Ukijaza bodi hadi kikomo kisha ukafunga tela, umeshazidisha.

Kwa hiyo kuhamisha kreti kulikuwa uamuzi sahihi uliotatua tatizo moja kabisa. Kwa kutulia kwake, tela liliwapa imani kwamba gari zima liko salama. Tatizo la breki halikuwa limejionyesha bado, maana bado hawakuwa wamefika mteremkoni. Nimelitafakari sana hilo. Kuyumba kulikuwa dalili ya tela zito lililopakiwa vibaya. Wao walitibu "lililopakiwa vibaya" na kuliacha "zito". Ushauri wa Mdogo wa kurudi ulikuwa sahihi kwa sababu ambayo hata yeye hakuwa anaijua.

Boli na kamba

Milimita 50 na inchi 2 zinakaribiana sana. Inchi 2 ni milimita 50.8. Tofauti haionekani kwa jicho, na ukifunga unasikia imeshika. Kichwa cha inchi 2, tena cha mtumba kilicholika ndani, kikikaa juu ya boli ya 50 kinabaki na mwanya. Tela likisukuma na kujipinda, mwanya huo unatosha. Alama za boli nilizikuta zimechorwa kwenye mdomo wa kichwa, mahali kilipopandia na kuchomoka.

Kamba ya katani haipaswi kujadiliwa. Minyororo miwili, imepishana chini ya shingo ili kichwa kikichomoka kidakwe kabla hakijagusa lami.

Waliyofanya vizuri

Walifunga mikanda wote wawili. Mdogo aliachia breki tela lilipoyumba mara aliposikia sauti ya kaka yake, wala hakupigana na usukani. Breki zilipofeli hakutoa gia akabaki huru. Alishuka gia moja moja, ingawa namba 1 ilimgharimu klachi. Alichagua kokoto badala ya kujaribu kulipita lori kwenye kona. Baada ya kusimama, kabla ya kugusa nyanya, alikata matawi akayapanga barabarani pande zote mbili ili wanaokuja wajue. Mkono wake ulikuwa tayari umevimba.

Makosa mengi ya kisa hiki yalifanyika katika wiki zile tatu za kabla ya safari. Dakika zile za mwisho ziliendeshwa na mtu aliyejua kutulia.

Matengenezo na safari iliyofuata

Diski, pedi, klachi, mafuta ya breki mapya, virekebishio vya nyuma vikasafishwa na kurudi kufanya kazi. Bapa za ziada zilitolewa na vali ikarekebishwa. Kaka alisikitika kuona mkia unashuka tena. Nikamweleza kwamba kushuka ndiyo lugha ya gari kusema limepakiwa. Boli na kichwa vikawa vya kipimo kimoja, minyororo miwili ikafungwa.

Tela lilipata ekseli yenye ngoma na shingo ya kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma shingo, shingo inavuta waya, breki za tela zinakamata zenyewe. Kuna pia waya mwembamba unaovuta breki hizo kama tela likichomoka. Mfumo huu una usumbufu wake, ukirudi nyuma kwenye mwinuko unakamata usipopachika pini ya kuuzuia, na Mdogo amelalamika kuhusu pini hiyo mara nyingi. Uzito wa tela tupu ulipanda hadi kilo 480. Tela lilisajiliwa, bima ikakatwa. Matengenezo yote yalimgharimu Kaka karibu faida ya msimu, na kwa muda alifikiria kuuza gari.

Tulikubaliana kikomo cha kreti 20 kwenye tela, yaani kilo 1,380, na 5 kwenye bodi. Zaidi ya hapo ni safari ya pili au nafasi kwenye lori.

Nilipanda nao safari ya kwanza. Juu ya Kitonga tulisimama robo saa. Mdogo alizunguka tairi zote, tela likiwemo, akapitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Tuliingia mteremkoni tayari tukiwa gia namba 2, wala hatukuitoa hadi chini. Madereva wa malori wanasema gia unayopandia ndiyo ya kushukia, na gari hili lenye mzigo huo Kitonga inapandwa kwa namba 2. Breki aliikanyaga kwa mikupuo: anakanyaga kwa nguvu, mwendo unashuka, anaachia, anaacha zipoe. Magari madogo yalitupita kwa honi. Hakuyajali.

Chini, Ruaha Mbuyuni, alirudia kupitisha kiganja. Rimu za mbele zilikuwa na joto, za nyuma nazo zilikuwa na joto, na za tela vilevile. Mara ya kwanza alipoumia, ni mbili tu zilizokuwa zimefanya kazi.

Kaka alikuwa ameshavuka barabara kwenda kwa wauza vitunguu. Alitaka gunia moja la nyumbani. Mwenye mali alikuwa ameshaliinua kulitupa nyuma ya bodi, Mdogo akamshika mkono akamwuliza, "Samahani kaka, hili lina kilo ngapi?"